Shahada Si Sifa: Usuli wa Kielimu wa Sheldon Cooper na Funzo Lake kwa Mhakiki wa Wahusika

Utangulizi

Kila ninaposahihisha majibu ya fasihi ya wanafunzi wa kidato cha nne, hukutana na jibu moja linalojirudia kama kiitikio cha wimbo. Swali huwa limemtaka mtahiniwa aeleze sifa nne za mhusika fulani. Naye huandika: “Ni msomi. Amesoma hadi chuo kikuu.” Hapo huweka nukta na kurukia sifa ya pili. Alama ya kutaja huenda akaipata, lakini ya kueleza humponyoka. Anaporudishiwa karatasi yake hulalamika, na malalamiko yake yana mantiki. Hajasema uongo. Mhusika amesoma kweli. Kosa liko wapi?

Muhula mmoja, katika kidato cha tatu, nilimwomba mwanafunzi aliyenijia na lalamiko kama hilo anitajie msomi yeyote amjuaye, awe wa kitabuni au wa runingani. Bila kusita akamtaja Sheldon Cooper. Darasa likaangua kicheko, kwa kuwa wengi walikuwa wamemtazama katika simu na tarakilishi za nyumbani. Nikamwuliza, “Haya, ana sifa gani?” Akanijibu, “Ni msomi, mwalimu.” Wenzake wakacheka tena. Safari hii walicheka kwa sababu walijua kuwa jibu hilo halimtoshi hata kidogo mtu wanayemfahamu. Somo la siku hiyo ndilo lililozaa makala haya.

Yamkini msomaji atashangaa mwanasayansi wa kubuniwa wa Kimarekani anatafuta nini katika ukumbi wa fasihi ya Kiswahili. Tamthilia ya runinga ni tamthilia. Ina wahusika, msuko, mandhari, migogoro na mbinu za kuvisuka vyote hivyo. Isitoshe, ni rahisi kumfunza mtahiniwa mbinu ya uhakiki kwa mhusika ambaye tayari anamjua, kisha akaihamishia katika kitabu teule. Tutachunguza, basi, usuli wa kielimu wa Sheldon Cooper: ni upi, mtazamaji anaujuaje, unamfanya atende nini, na ni nani aliyelipa gharama yake. Hoja yetu ni kwamba shahada peke yake si sifa ya mhusika. Ni habari tu mpaka tuione ikifanya kazi katika matendo yake.

Sheldon Cooper ni nani?

Sheldon Cooper ni mhusika mkuu katika The Big Bang Theory, tamthilia ya vichekesho iliyobuniwa na Chuck Lorre na Bill Prady. Ilianza kuonyeshwa nchini Marekani mwaka 2007 na kukamilika mwaka 2019, baada ya misimu 12 na vipindi 279. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Jim Parsons. Mwaka 2017 ilizaliwa tamthilia nyingine, Young Sheldon, inayosimulia utoto wa mhusika huyo. Hii ilikamilika mwaka 2024. Katika hiyo ya pili, Sheldon mtoto anaigizwa na Iain Armitage, naye Parsons anasikika kama sauti ya Sheldon mtu mzima akisimulia.

Usuli wake ni huu. Amezaliwa katika jimbo la Texas, katika familia ya kawaida. Baba yake, George, ni kocha wa kandanda ya Kimarekani. Mama yake, Mary, ni Mkristo mwenye msimamo mkali wa dini. Ana kaka, Georgie, na dada pacha, Missy. Miongoni mwa hao wote ni yeye tu aliyejaliwa kipaji cha ajabu cha hisabati na fizikia. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia chuo kikuu akiwa na umri wa miaka 11, akakamilisha shahada ya kwanza akiwa na miaka 14, na kupata shahada ya uzamifu akiwa na miaka 16. Kwa jumla anajivunia shahada moja ya uzamili na mbili za uzamifu. Tunapokutana naye, anafanya utafiti wa fizikia ya kinadharia katika chuo cha Caltech, mjini Pasadena, California.

Mhakiki azingatie jinsi watunzi walivyochanganya mambo halisi na ya kubuni. Caltech ni chuo halisi, kilichoanzishwa mwaka 1891 na kusifika kote ulimwenguni kwa sayansi. East Texas Tech, chuo ambako Sheldon alisomea akiwa mtoto, hakipo popote ila katika tamthilia. Chuo halisi kinampa mhusika uzito na kutufanya tuamini kuwa ni bingwa, nacho chuo cha kubuni kinawapa watunzi uhuru wa kumtendea mtoto huyo watakavyo. Waandishi wetu hufanya vivyo hivyo wanapoweka nchi ya kubuni kando ya matatizo tunayoyatambua mara moja kuwa yetu.

Majina nayo hayakutupwa ovyo. Jina Sheldon na lile la rafiki yake, Leonard, ni kumbukumbu ya Sheldon Leonard, mtayarishaji maarufu wa vipindi vya runinga vya Marekani wa zamani. Aidha, mwanafizikia Leon Cooper alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1972, na Robert Hofstadter, mwenye jina la ukoo kama la Leonard katika tamthilia, akaishiriki mwaka 1961. Mtahiniwa anayejua majazi hatashindwa kuona kwamba majina haya yanabeba runinga na fizikia kwa pamoja.

Usuli unatufikiaje?

Swali la kwanza ambalo mhakiki anapaswa kuuliza si “Mhusika amesoma wapi?” bali “Nimejuaje?” Katika tamthilia hakuna msimulizi wa kutuambia kila kitu. Habari hutufikia kwa njia mbalimbali, na kila njia ina maana yake.

Njia ya kwanza ni maneno ya mhusika mwenyewe. Sheldon hutaja shahada zake hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza. Habari hiyo hiyo ingetajwa na mwingine tungejifunza kuwa amesoma. Anapoitaja mwenyewe, tena mezani wakati wenzake wanakula, tunajifunza kuwa ni mwenye majisifu. Sifa imetokana na namna habari ilivyotolewa kuliko habari yenyewe.

Njia ya pili ni mandhari. Sebuleni mwake mna ubao mweupe uliojaa milinganyo ya hisabati. Milinganyo hiyo haikuwa michoro ya kuhadaa macho, kwani tamthilia ilikuwa na mshauri wa sayansi, David Saltzberg, profesa wa fizikia katika chuo cha UCLA. Ubao huo unatuambia kwamba mtu huyu haachi kazi ofisini. Nyumba yake ni darasa, na wageni wake, wapende wasipende, ni wanafunzi.

Njia ya tatu ni mazoea yake. Ana mahali pake maalumu kwenye kochi ambapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kukaa. Hubisha mlango wa jirani yake Penny mara tatu, akilitaja jina lake kila mara. Ameandika mkataba mrefu wa sheria za kuishi na Leonard katika nyumba moja. Haya ndiyo yanayomfanya aonekane kituko. Hata hivyo, tukiyatazama kwa makini tunaona mtu aliyezoea ulimwengu wa kanuni, akijaribu kuwalazimisha watu watii kanuni kama namba zinavyotii. Hapa ndipo usuli unapoanza kuwa sifa: elimu yake ya mapema imemzoeza kuamini kwamba kila jambo lina jibu moja sahihi.

Shahada kama rungu

Swali la pili la mhakiki ni: “Usuli huu unamfanya atende nini?” Mgogoro mmoja wa muda mrefu katika tamthilia unalijibu vyema. Miongoni mwa marafiki wa Sheldon yupo Howard Wolowitz, mhandisi mwenye shahada ya uzamili kutoka chuo mashuhuri cha MIT. Hana shahada ya uzamifu, na Sheldon hakosi kumkumbusha. Mbele ya Sheldon, uhandisi ni kazi ya mikono tu na uzamili ni safari iliyokatizwa njiani. Shahada imegeuka rungu la kuwapigia wengine.

Watunzi wanamjibu kwa kinaya cha hali. Mwishoni mwa msimu wa tano, mwaka 2012, mwanaanga wa kundi hilo si Sheldon mwenye shahada mbili za uzamifu. Ni Howard anayerushwa kwenda kwenye kituo cha anga, kwa sababu kifaa alichokisanifu kwa mikono yake kinahitajika huko. Anayedharauliwa ndiye anayepaa, naye mwenye dharau anabaki chini akiinua shingo.

Kinaya hiki kinahusu maudhui moja kwa moja. Tamthilia haisemi kwamba elimu haina thamani. Wahusika wake karibu wote wamesoma, na mwigizaji Mayim Bialik, anayeigiza mwanasayansi wa ubongo Amy Farrah Fowler, ana shahada halisi ya uzamifu katika taaluma hiyo, aliyoipata UCLA mwaka 2007. Inachokikejeli ni elimu inayojipima kwa kuwapunguza wengine. Mtahiniwa akiandika kwamba dhamira ya watunzi ni “kuwakejeli wasomi” atakuwa amekosea. Wanaikejeli tabia ya msomi mmoja, tena kwa kumlinganisha na wasomi wenzake.

Bingwa asiyejua kufundisha

Sisi walimu tuna sababu ya pekee ya kukitazama kipindi kimoja cha msimu wa nne, kilichoonyeshwa mwaka 2011. Sheldon anaombwa kutoa mhadhara kwa wanafunzi wa uzamifu. Anaingia darasani akiwa na hakika kwamba wamebahatika kumwona. Anamaliza akidhani amefaulu. Baadaye inabainika kwamba wanafunzi walikuwa wakimdhihaki katika mtandao wa Twita huku akiendelea kuzungumza.

Anamwendea nani amsaidie? Anamwendea Penny, jirani yake anayehudumu mkahawani na aliyeacha masomo ya chuo, ili amfunze uigizaji. Penny anajua jambo ambalo shahada zote za Sheldon hazikumfunza: anayezungumza mbele ya watu hana budi kuwatazama na kuwasikia.

Mwaka 2014, katika msimu wa nane, watunzi wanalirudia suala hili. Chuo kinamtaka Sheldon afundishe ili aruhusiwe kubadilisha uwanja wake wa utafiti. Kozi inatangazwa na hakuna mwanafunzi anayejiandikisha, kwa kuwa sifa zake zimemtangulia. Anayejitokeza mwishowe ni yule yule Howard asiye na uzamifu, akitaka kuthibitisha kwamba anaweza. Mtahiniwa aone urudiaji huu. Watunzi wakileta hali moja mara mbili, wanatuambia tusiichukulie kama kichekesho cha kupita. Sheldon alivuka madarasa upesi mno asipate nafasi ya kuwa mwanafunzi wa kawaida, anayechelewa kuelewa, anayemnong’onezea jirani, anayesubiri wenzake. Asiyewahi kutoelewa hawezi kumvumilia asiyeelewa. Huo ndio uhusiano wa usuli na sifa tunaoutafuta.

Nani aliyelipa?

Swali la tatu ndilo ambalo watahiniwa wengi hulisahau, nalo ndilo zito zaidi: “Gharama ya elimu hii ilibebwa na nani?” Hapa simaanishi karo pekee.

Katika msimu wa kwanza, Sheldon anamtusi mkuu mpya wa idara kwa kudharau kazi yake, na anafutwa kazi. Badala ya kuomba radhi anajifungia nyumbani na kushughulikia mambo ya kipuuzi. Leonard anaishiwa na mbinu, anamwita Mary kutoka Texas. Mary hana shahada za mwanawe. Hata hivyo, anamkokota hadi ofisini kama mtoto wa shule, anaomba radhi, na kazi inarudi. Kipindi kile kinachekesha, lakini tuyatazame yaliyomo ndani yake: bingwa wa fizikia ameokolewa na hekima ya mama, na mama huyo amekuwa akimwokoa hivyo tangu utotoni.

Kaka yake, Georgie, anatufikia kwa uzito zaidi katika msimu wa 11, mwaka 2018. Hakusoma sana. Ni mfanyabiashara aliyefanikiwa kwa kuuza magurudumu ya magari, na amejipachika jina la kibiashara la “Daktari wa Magurudumu”. Sheldon anakereka. Udaktari wa kweli ni wake, tena mara mbili! Ndugu hao hawajasemezana kwa muda mrefu. Wanapokutana, Georgie anafichua kinyongo chake. Baba yao alipofariki, Sheldon alikuwa ameondoka kwenda kusoma. Aliyebaki kumwangalia mama yao na dada yao ni Georgie, angali kijana mdogo. Sheldon hakuwa amejua ugumu wa siku hizo, kwa sababu familia ilimficha ili masomo yake yasivurugike. Anaposikia, anaomba radhi.

Mandhari hii imenikaa moyoni kuliko vichekesho vyote. Mtu aliyekuwa akihesabu shahada zake kila siku anagundua kwamba hakuzipata peke yake. Nyuma ya cheti kimoja kulikuwa na kaka aliyebeba mzigo, mama aliyenyamaza, na dada aliyelelewa katika kivuli cha pacha wake. Wanafunzi wetu wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Darasani mwangu wamo ambao kaka zao waliacha shule ili wao waendelee. Nilipowasimulia habari ya Georgie, kicheko kilikoma, na mwanafunzi yule aliyesema “ni msomi” akaniambia, “Mwalimu, basi shahada ile ni ya watu wengi.” Sijapata jibu bora la mtihani kuliko hilo.

Mhusika bapa au mhusika duara?

Tukimhukumu Sheldon kwa misimu ya mwanzo, tungesema ni mhusika bapa: mwenye akili nyingi na majivuno mengi, wa jana kama wa leo. Hata katika msimu wa kwanza, hata hivyo, zipo ishara za hofu chini ya majivuno. Kinapoingia chuoni kipaji kipya, Dennis Kim, kijana wa miaka 15 tu, Sheldon anayumba. Ikiwa fahari yake yote imejengwa juu ya kuwa mdogo kuliko wote, itakuwaje atakapotokea aliye mdogo zaidi? Usuli uliokuwa ngao umekuwa kidonda.

Mabadiliko yanakuja polepole, kupitia urafiki na hatimaye ndoa yake na Amy. Yanafika kilele katika kipindi cha mwisho, mwaka 2019. Sheldon na Amy wanashinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Safarini kwenda Stockholm anakuwa yule yule wa zamani, haoni shida za wenzake, nao wanaumia hata wanafikiria kurudi nyumbani. Anaposimama jukwaani anaiweka kando hotuba aliyoiandaa. Anawataja marafiki zake mmoja baada ya mwingine, anawaomba wasimame, na kuwashukuru pamoja na familia yake. Akiwa kwenye kilele ambacho hakuna shahada inayokifikia, hasemi habari ya shahada. Kwa hivyo tuna haki ya kumwita mhusika duara, mradi tuonyeshe safari yote kutoka meza ya chakula cha jioni hadi jukwaa la Stockholm.

Tahadhari kuhusu ushahidi

Mtahiniwa mwangalifu atagundua kwamba tamthilia hizi mbili hazilingani katika kila jambo. Katika The Big Bang Theory, Sheldon anasimulia kwamba aliruka kutoka darasa la tano moja kwa moja hadi chuo kikuu. Katika Young Sheldon tunamwona akianza shule ya upili akiwa na miaka tisa, katika shule ile ile ambayo baba yake ni kocha na kaka yake ni mwanafunzi, kabla ya kwenda East Texas Tech. Tamthilia hiyo inafikia tamati akiwa angali na miaka 14, akiingia Caltech kwa masomo ya juu.

Tufanyeje? Tusichague tunachokipenda na kukificha kingine. Mhakiki husema, “Kwa mujibu wa maelezo ya mhusika mwenyewe...” au “Kama inavyoonyeshwa katika tamthilia ya pili...” Hali kadhalika, yafaa aulize kama msimulizi anaaminika. Sheldon anayejisimulia ana kila sababu ya kutia chuku, na aliyeruka hatua nyingi husifika kuliko aliyeruka chache. Katika vitabu teule pia, neno la mhusika juu ya nafsi yake ni dai linalohitaji kupimwa kwa matendo yake na kwa kauli za wengine.

Kutoka runinga hadi kitabu teule

Sasa tuhamishe maswali yetu matatu. Chukua Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, riwaya iliyowahi kutahiniwa na inayoendelea kusomwa na wengi. Mtahiniwa wa haraka ataandika kwamba Majisifu ni msomi na mwandishi. Tumwulize.

Tumejuaje? Kwa sifa zake katika jamii na kwa kitabu kilichotoka kwa jina lake. Usuli unamfanya atende nini? Unampa heshima asiyoistahili, nayo inamlazimu aishi katika uongo na kujificha katika ulevi. Nani aliyelipa? Amani, kijana ambaye mswada wake uliibwa. Ghafla jibu limegeuka: “usomi” wa Majisifu si sifa njema ya kutajwa na kuachwa, bali ni kiini cha unafiki wake na cha mateso ya mwingine. Hata jina lake linatutania. Tukimweka kando ya Sheldon, tunapata ulinganisho mzuri: mmoja ana elimu ya kweli asiyejua kuitumia kwa upole, mwingine ana fahari ya kuazima asiyoweza kuitetea. Wote wawili wanapata nafuu wanapokiri kwamba wanadaiwa na watu wengine.

Mfano wa jibu

Tulinganishe majibu mawili kwa swali: “Eleza sifa moja ya Sheldon Cooper inayotokana na usuli wake wa kielimu.”

Jibu dhaifu: Sheldon ni msomi. Ana shahada nyingi na anafanya kazi Caltech.

Jibu thabiti: Sheldon ni mwenye dharau. Kwa kuwa alihitimu akiwa mdogo mno, anawapima watu kwa shahada zao. Humdunisha Howard kwa kuwa na uzamili pekee na humtusi mkuu wa idara yake hadi anafutwa kazi. Dharau hii inakejeliwa kwa kinaya pale Howard anapokuwa ndiye anayekwenda angani.

Jibu la pili ni refu kuliko la kwanza, lakini ubora wake hautokani na urefu. Tofauti ni kwamba limetaja sifa, likaeleza chimbuko lake, likatoa ushahidi wa matendo mawili, na kuihusisha na mbinu ya watunzi. Mtahini hana pa kulikata alama.

Hitimisho

Tumeona kwamba usuli wa kielimu wa mhusika ni mlango tu. Anayesimama mlangoni na kuusifu kwa uzuri wa mbao zake hajaingia nyumbani. Tumfunze mtahiniwa kuuliza amejuaje, usuli unazaa matendo gani, na nani aliubebea gharama. Maswali hayo hayahitaji runinga wala tarakilishi. Yanahitaji kitabu, kalamu na subira.

Nami nakiri kwamba swali la tatu limenirudia mwenyewe. Shahada yangu ya ualimu imening’inia ukutani nyumbani, na jina lililoandikwa juu yake ni moja. Tangu somo lile, kila ninapoitazama huwahesabu walioilipia.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha usuli na sifa ya mhusika, ukitoa mifano miwili kutoka kitabu teule chochote ulichosoma.

2. “Anayedharauliwa ndiye anayepaa.” Jadili matumizi ya kinaya katika uhusiano wa Sheldon Cooper na Howard Wolowitz.

3. Georgie ana umuhimu gani katika kujenga mhusika Sheldon?

4. Chagua mhusika mmoja aliyesoma katika tamthilia au riwaya teule. Kwa kutumia maswali matatu yaliyopendekezwa katika makala haya, onyesha jinsi elimu yake inavyochangia kuendeleza maudhui.